Kununua skuta ugenini: Kadi haimtaji mwenye mali

  

Ndugu msomaji, wiki mbili zilizopita, mara baada ya sala ya Alasiri, nilipigiwa simu na mama mmoja mkazi wa Tanga. Mwanawe wa pili yuko London, mwaka wake wa kwanza, anasoma shahada. Kijana ameomba nyumbani atumiwe paundi 900 anunue skuta iliyokwisha kutumika, kwani chumba alichopanga kiko mbali na chuo na nauli ya kila siku inamlemea. Fedha mama anazo. Ni za upatu, na zamu yake imeangukia mwezi huu. Lakini moyo wake haujatulia.

“Sheikh,” aliniuliza, “nasikia huko mtu hawezi kupanda chombo barabarani pasipo bima, na bima nyinyi masheikh mnatuambia ina maneno. Nikimtumia hizi fedha, sitakuwa nimemsaidia mwanangu katika haramu?”

Nilimjibu suala la bima kwa ufupi, nami nitalirudia hapo mbele. Kisha nikamuuliza jambo ambalo hakulitarajia: je, anayeuza ni nani?

“Ni Mswahili mwenzake, wamejuana msikitini. Na kadi anayo, sheikh.”

Hapo nikamwomba mama yule asitume hata senti moja mpaka kijana apate majibu ya maswali machache. Maneno hayo mawili, “kadi anayo”, ndiyo yaliyonitia hofu kuliko bima. Na kwa kuwa familia nyingi za Kiislamu za mwambao na bara hivi leo zina mtoto, ndugu au mkwe katika miji ya Uingereza, nimeona makala ya Ijumaa hii tuyazungumze kwa urefu.

Kadi ya Waingereza

Kwetu sisi mtu akisema kadi anayo, mazungumzo huwa yamekwisha. Tumezoea kwamba jina lililomo katika kadi ya pikipiki ndilo la mwenye pikipiki, na mara nyingine hata aliyeishika mkononi tu huhesabiwa kuwa ndiye mwenye haki, ingawa jina si lake. Mazoea hayo mgeni husafiri nayo.

Uingereza nako kadi iko. Jina lake rasmi ni V5C, mitaani huitwa logbook, na hutolewa na mamlaka ya leseni na vyombo vya moto, DVLA, yenye makao yake makuu mjini Swansea, Wales. Juu ya kadi hiyo yameandikwa maneno ambayo wageni wengi huyapita bila ya kuyasoma, kwamba karatasi ile si ushahidi wa umiliki. Anayetajwa humo ni mtunzaji aliyesajiliwa wa chombo, yaani yule ambaye serikali itamwandikia barua, itamdai kodi na itampelekea faini. Mwenye mali huweza kuwa mtu mwingine kabisa. Huweza kuwa baba aliyemnunulia mwanawe, au mwajiri, au taasisi iliyokopesha fedha za ununuzi.

Kwa hiyo mgeni anayenunua skuta anakabiliwa na mambo mawili tofauti. La kwanza ni umiliki, nao huhama baina ya muuzaji na mnunuzi kwa mkataba wa kuuziana. La pili ni usajili, nao ni habari baina ya mtu na serikali. Anayeyachanganya mawili haya huweza kuumia huku na huku.

Tuanze na umiliki. Sheria ya Kiingereza ya mauziano ya bidhaa ya mwaka 1979 ina msingi ambao kila aliyekaa darasa la fiqhi ataujua, nao ni kwamba mtu hawezi kumhamishia mwenzake haki ambayo yeye mwenyewe hana. Mwizi hamiliki alichoiba, basi na anayenunua kwake hajamiliki kitu, hata awe na nia njema ya namna gani na hata awe ametoa thamani kamili. Polisi wakiikamata skuta ile, itarejea kwa mwenyewe, na mnunuzi atabaki kumtafuta muuzaji ambaye simu yake haipatikani tena. Fiqhi yetu inasema vivyo hivyo. Mali iliyoibwa haihalaliki kwa kuuzwa, bali mwenyewe huichukua popote aikutapo, na aliyenunua humrejea aliyemuuzia.

Inafaa niseme, kwa sababu lilinishangaza nilipolisikia mara ya kwanza, kwamba Waingereza hawakuwa hivyo siku zote. Kwa karne nyingi kulikuwa na kanuni kwamba anayenunua kwa nia njema katika soko la hadhara, baina ya macheo na machweo, huwa mmiliki halali hata kama kitu kiliibwa. Hoja yao ilikuwa kwamba mwenye mali angekwenda sokoni akatafuta, na kama hakukiona basi ameshindwa. Kanuni hiyo ilikomeshwa mwaka 1995. Tangu hapo hakuna soko linaloitakasa mali ya wizi.

Na London ni mji ambao skuta huibwa sana. Mwaka 2017 wizi wa skuta, na uporaji unaofanywa na vijana walio juu ya skuta, ulikuwa habari ya kila wiki katika magazeti ya huko. Ndiyo maana kijana asione haya kukagua. Aende kuiona skuta nyumbani kwa muuzaji, siyo kituo cha treni wala nje ya msikiti. Anwani ya nyumba ile ifanane na iliyomo katika kadi, na jina la kadi lifanane na la mtu aliyesimama mbele yake. Kadi yenyewe aiinue kwenye mwanga aone alama ya maji yenye herufi DVL. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma cha skuta ailinganishe na ya kadi, tarakimu kwa tarakimu, na kama imekwanguliwa au imegongwa juu ya nyingine, aage kwa wema na aondoke. Atazame tundu la ufunguo wa kuwashia. Likiwa limevunjwavunjwa, na ufunguo uko mmoja tu, aulize kwa nini.

Kadi nazo ziliwahi kuibwa zikiwa tupu, kabla hazijajazwa majina, ndipo wezi wakazijaza wenyewe. Serikali imetangaza namba za kadi hizo. Ukikuta namba ya kadi iko baina ya BG8229501 na BG9999030, au baina ya BI2305501 na BI2800000, usinunue, bali wapigie polisi kwa namba 101.

Liko jambo jingine ambalo Mwislamu hana budi kulijua kwa kuwa limeshikana na riba. Uingereza kuna mikopo ambayo mtu huenda na kadi ya gari au pikipiki yake akapewa fedha kwa riba kubwa. Mkopeshaji huibakisha kadi kwake, na chombo huwa mali ya mkopeshaji mpaka deni liishe, ilhali mkopaji anaendelea kukipanda. Huu ni mfano wa rahani, lakini rahani ambayo macho hayaioni. Msingi wake ni sheria kongwe za mwaka 1878 na 1882. Mkopaji akikuuzia skuta hiyo bila ya kukuambia, wewe uliyetoa fedha zako taslimu huna kinga, na mkopeshaji anaweza kuja kuichukua mlangoni kwako kwa deni la mtu mwingine. Anayenunua kwa nia njema chombo kilichokopeshwa kwa malipo ya mafungu, huyo sheria ya mwaka 1964 imemkinga akiwa mnunuzi wa kawaida asiye mfanyabiashara. Lakini aliyeuziwa chombo kilichowekwa rahani ya kadi, huyo hakukingwa. Dawa yake ni kulipa ada ndogo kwa moja ya kampuni zinazotafuta historia ya vyombo. Ukitoa namba ya usajili, utaelezwa kama kuna deni, kama chombo kimeripotiwa kuibwa, na kama kampuni ya bima iliwahi kukitangaza kuwa kimeharibika kwa ajali. Tena mwenye kadi iliyo mikononi mwa mkopeshaji atakuambia “imepotea”, basi hilo nalo ni dalili.

Yote haya yakishatimia, andikeni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imezungumzia uandishi wa madeni na kushuhudisha. Biashara ya mkono kwa mkono aya hiyo imeisamehe kuandikwa, lakini haikuacha kuamrisha mashahidi wakati wa kuuziana. Kwa mgeni katika nchi ambayo kadi haithibitishi umiliki, mimi naona kuandika kumekaribia wajibu. Inatosha karatasi moja yenye majina na anwani za wawili, namba ya usajili na ya chesisi, maili zilizosomeka, bei, tarehe na saa, kisha sahihi za wote pamoja na za mashahidi. Kila mmoja akae na nakala. Na fedha zipitie benki, maana noti hazina kumbukumbu.

Muuzaji mwenye kunyamaza

Sasa tumgeukie muuzaji, kwani mgeni wa leo ndiye muuzaji wa mwaka kesho kutwa.

Sheria ya huko inatofautisha. Ukinunua dukani kwa mfanyabiashara, sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kurudisha chombo kibovu na kudai fedha zako zote. Lakini ukinunua kwa mtu binafsi, kinachotakiwa kwake ni awe na haki ya kuuza, na kile alichokieleza kiwe kweli. Asichokieleza hakimbani. Akijua kuwa mkanda wa kuendeshea gurudumu umechakaa, au kuwa fremu iliwahi kupinda, na hakuulizwa, akanyamaza, mahakama haitamgusa. Ndiyo maana bei ya mtu binafsi huwa chini.

Hapa ndipo Mwislamu asiposimama katika ruhusa ya sheria ya nchi. Mmekwisha kuisikia mara nyingi habari iliyomo katika Sahihi Muslim, ya Mtume (SAW) kupita sokoni penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake na vidole vikakuta umajimaji chini. Muuzaji alitoa udhuru kwamba mvua ndiyo iliyoinyeshea. Udhuru ule haukukubaliwa, kwa kuwa angaliweza kuiweka iliyolowa juu watu wakaiona. Yule bwana hakusema uongo, wala hakuulizwa akakana. Kosa lake lilikuwa ni mpangilio tu, iliyokauka juu na iliyolowa chini, na kwa hilo alikemewa kemeo zito.

Mwenye skuta anajua mahali ilipolowa. Anajua kuwa asubuhi za baridi haiwaki mpaka ipigwe teke mara kumi, ndiyo maana mnunuzi alipokuja aliikuta imeshapashwa moto. Katika fiqhi, ila iliyofichwa humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha, iwe aliuziwa na duka au na mtu binafsi. Kwa hiyo Mwislamu anayemuuzia mwenzake huko London ana mizani mbili, na iliyo nzito ndiyo ya kwake.

Nimesikia vijana wakisema, “Tumenunuliana msikitini, hakuna haja ya maswali.” Kwanza, mauziano yenyewe hayapendezi kufanywa ndani ya msikiti. Pili, na hili nalisema kwa uchungu, mgeni hudanganywa zaidi na anayesema lugha yake kuliko na asiyeijua, kwa sababu kwa asiyeijua huwa macho. Kuuliza si kumdhania vibaya ndugu yako. Na kwa aliye mgeni wa Kiingereza, ipo njia isiyohitaji kumuuliza mtu. Kila chombo kilichotimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, ukaguzi uitwao MOT, na matokeo ya miaka iliyopita husomeka bure katika tovuti ya serikali kwa kuingiza namba ya usajili. Humo utaona maili zilizosomwa kila mwaka. Kama mwaka juzi zilikuwa 19,000 na leo mita inaonyesha 11,000, umekwisha kujibiwa.

Barua zilizokwenda kwa mwingine

Nimesema usajili ni jambo la pili, na huenda msomaji akadhani ni dogo. Niruhusuni nisimulie kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2002, nikiwa mwanafunzi London, nilinunua skuta ndogo ya cc 50 kwa ndugu mmoja Mngazija aliyekuwa amemaliza masomo na anahamia mji mwingine kutafuta kazi. Alikuwa mkweli. Alinionyesha kila kasoro, na bei ilikuwa ya huruma. Utaratibu, wakati ule na sasa, ni kwamba muuzaji ndiye anayeijulisha DVLA jina na anwani ya mtunzaji mpya, na mnunuzi hubaki na kipande cha kijani kinachochanwa kutoka katika kadi. Sisi wawili hatukuujua. Yeye alinikabidhi kadi nzima kwa moyo mweupe, nami nikaitia mtoto wa meza pamoja na mkataba wa chumba, nikiona kuwa kwa kuishika tu mambo yamekamilika.

Katika miezi iliyofuata nilipita mara mbili katika njia ya mabasi saa ambazo pikipiki haziruhusiwi. Kamera ilinipiga picha, nami sikujua. Barua zilikwenda kwa aliyesajiliwa. Faini za namna ile hupunguzwa nusu ukilipa ndani ya siku 14, na huongezwa nusu ukichelewa. Barua zilizunguka kutoka anwani yake ya zamani hadi ya mpya, zikachelewa. Yule ndugu, asiye na kazi bado, alizilipa zote mbili. Tulipokutana katika sala ya Idi ndipo rafiki yake mwingine alipoponyokwa na maneno. Nilimfuata nikamuuliza.

“Sikutaka kukukera, ustadhi,” aliniambia. “Nilijua ni ugeni.”

Fedha nilimrudishia palepale, na msamaha nilimwomba. Lakini kwa miezi mitano nilikuwa nimesali, nimefundisha watoto madrasa siku za Jumamosi, na nimekula, ilhali deni langu analibeba mtu mwingine kwa sababu ya karatasi niliyoifungia. Dhulma huweza kufanyika pasipo nia ya kudhulumu. Tena yangalikuwa mazito zaidi kama ningelimgonga mtu, kwani polisi wangaligonga mlango wake.

Siku hizi kazi ile imekuwa nyepesi. Muuzaji huingia katika tovuti ya DVLA akajaza jina na anwani ya mnunuzi, na kadi mpya huletwa kwa posta baada ya siku chache. Kwa njia ya barua huweza kuchukua wiki kadhaa. Asiyejulisha huweza kutozwa faini hadi paundi 1,000. Mimi nashauri wafanye pamoja, simu iko mezani, kabla ufunguo haujabadili mkono. Mgeni hahitaji kuwa raia ili asajiliwe. Anahitaji anwani ya kupokelea barua. Akihama chumba, kama wanafunzi wanavyohama, aibadilishe anwani, maana barua haimtafuti mtu.

Kodi nayo imebadilika tangu zama zetu. Wakati ule kulikuwa na karatasi ya mviringo inayobandikwa kwenye chombo, na ukinunua skuta yenye kodi ya miezi sita unaendelea nayo. Tangu Oktoba 2014 karatasi hiyo haipo, na kodi haihami. Muuzaji hurudishiwa miezi kamili iliyosalia, na mnunuzi hulipa yake upya kwa kutumia namba iliyo katika kile kipande cha kijani, kabla hajaipeleka skuta barabarani hata hatua moja. Kwa skuta ndogo kodi hiyo ni ndogo.

Kuna tozo nyingine ambayo si ndogo. Tangu Agosti 29, 2023 eneo la London lenye masharti ya moshi limeenea wilaya zote za jiji. Pikipiki isiyofikia kiwango hutozwa paundi 12.50 kwa kila siku inapotembea, usiku na mchana. Kwa kawaida zilizosajiliwa kabla ya Julai 2007 ndizo hazifikii. Kijana wa chuo anayepanda siku 20 kwa mwezi atalipa paundi 250 kila mwezi kwa skuta aliyoambiwa ni ya bei poa. Namba ya usajili huangaliwa bure katika tovuti ya usafiri ya jiji. Hili nililipigia mstari katika karatasi ya mama wa Tanga.

Suala la bima

Bima ya kumlipa mtu wa tatu imekuwa lazima Uingereza tangu sheria ya barabara ya mwaka 1930. Kuhusu bima ya kibiashara, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jidda Desemba 1985 liliamua kuwa mkataba wake umeingiwa na gharari yenye kuubatilisha, na likaelekeza bima ya ushirikiano badala yake. Wako wanazuoni wakubwa waliokuwa na rai nyingine, miongoni mwao Sheikh Mustafa al-Zarqa, aliyeiona inajuzu. Lakini hata wanaoiharamisha, wengi wao wanasema kuwa inapolazimishwa na sheria, na mtu ana haja ya kweli ya usafiri, dhambi haimwangukii aliyelazimishwa, naye achukue kiasi kinachomtosha kutimiza sheria. Rai hiyo ndiyo niliyompa mama yule, yaani kijana achukue ile tunayoiita bima ndogo. Naongeza kwamba bima hiyo hailipi skuta yake. Humlipa kikongwe aliyegongwa akivuka barabara, na haki ya kikongwe huyo nayo ni amana. Wallahu aalam.

Bima itangulie kila kitu siku ya kununua. Asiyekuwa nayo hutozwa paundi 300 na kuwekewa pointi sita katika leseni, na chombo huweza kuchukuliwa papo hapo, kwani kamera za polisi husoma namba na kuziulizia katika orodha ya bima. Tangu mwaka 2011 hata skuta iliyolala tu huhitaji bima, isipokuwa mwenyewe ameijulisha DVLA kuwa ameiondoa barabarani, nayo isiegeshwe mtaani.

Kuhusu leseni nitapita haraka. Mwenye leseni ya Tanzania au Kenya iliyotaja pikipiki huweza kuitumia miezi 12 tangu awe mkazi. Baada ya hapo haibadilishwi, huanza upya. Asiyekuwa nayo huomba leseni ya kujifunzia, paundi 34 kwa njia ya mtandao, kisha huhudhuria mafunzo ya lazima yaitwayo CBT, ambayo kwa kawaida humalizika kwa siku moja. Cheti chake hudumu miaka miwili, na humruhusu mwenye miaka 17 kupanda hadi cc 125 akiwa amebandika herufi L nyekundu mbele na nyuma. Lakini hawezi kuingia barabara kuu za motorway, wala hawezi kumpakia mtu. Akina baba wanaotaka kuwapeleka watoto madrasa nyuma ya skuta, mpaka wamefaulu mtihani kamili.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonikalisha muda mrefu na mama yule katika simu. Nilimwambia, “Mama, muulize mwanao kwa upole, skuta hii ni ya kwendea chuo au ni ya kubebea watu chakula?” Alinyamaza kidogo, akasema huenda ni yote mawili.

Viza ya mwanafunzi wa shahada humruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini haimruhusu kujiajiri. Na waendesha skuta wa kampuni za kupeleka chakula huhesabiwa kuwa wamejiajiri. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, katika kesi ya kampuni moja kubwa ya aina hiyo, kuwa waendeshaji wake hawamo katika uhusiano wa ajira. Kwa hiyo mwanafunzi anayebeba chakula amevunja sharti aliloliwekea sahihi alipoomba viza, na mkataba wa Mwislamu ni wenye kutimizwa. Wapo wanaokodi akaunti ya mtu mwingine wakapita kwa jina lake; hilo ni uongo juu ya uvunjaji wa ahadi, na mwenye akaunti hula jasho la mgeni asiyeweza kumshitaki. Juu ya hayo, bima ya kwendea chuo haimhusu anayebeba kwa malipo. Akigonga mtu akiwa na mkoba wa chakula mgongoni, huhesabiwa hana bima. Ajira ya ghala au ya dukani, yenye mwajiri na hati ya mshahara, hiyo inajuzu katika saa zake, na skuta ya kumfikisha kazini haina neno.

Juzi Jumatano mama alinipigia tena. Kijana alikwenda nyumbani kwa muuzaji kama nilivyoelekeza, akaomba kuiona kadi. Jina lililomo lilikuwa la mtu mwingine na anwani ya mtaa mwingine. Muuzaji alisema ni la rafiki yake aliyekwisha kurejea kwao, naye alinunua kwake bila ya kubadili. Huenda ni kweli, wala simtuhumu. Mimi mwenyewe nilikaa na kadi ya mtu miezi mitano. Kijana alimwambia arekebishe kwanza usajili na amtafute rafiki yake kwa maandishi, kisha watazungumza. Muuzaji hajarudi. Kijana sasa amepata nafasi ya mafunzo ya CBT mwishoni mwa mwezi, na anaendelea kutazama skuta nyingine. Fedha ya upatu bado iko kwa mama.